Kupima Bei na Kununua Pigmenti za Zinki bila Kuingiza Risasi: Mwongozo Kamili kwa Mtengenezaji wa Rangi

Mtengenezaji mdogo wa rangi aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaweza kupokea proforma tatu, yaani ankara za awali za bei, za oksidi ya zinki katika wiki moja, zote zikiwa na maelezo yaleyale, usafi wa asilimia 99.5, mifuko ya kilo 25, kontena la futi 20, na bado bei zake zikapishana kwa dola mia tano au zaidi kwa tani. Wengi huchukua iliyo nafuu na kumshukuru Mungu. Mwongozo huu umeandikwa ili mnunuzi wa namna hiyo aweze kukaa chini na kikokotoo, akajua ni proforma ipi iliyo ya haki, ni ipi iliyoongezwa chumvi, na ni ipi iliyo nafuu kwa sababu ya kitu kilichomo ndani ya mfuko ambacho muuzaji hakukitaja. Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kitu hicho ni risasi, ile metali nzito ya betri za magari.

Risasi na zinki ni ndugu wa tumbo moja tangu ardhini. Madini ya galena, ambayo hutoa risasi, na ya sfaleriti, ambayo hutoa zinki, hukutwa pamoja katika miamba mingi, na ndiyo maana mgodi wa Kabwe nchini Zambia, uliofungwa mwaka 1994, ulizalisha metali zote mbili na kuuachia mji huo udongo wenye risasi hadi leo. Kiwanda kinachoyeyusha zinki hulazimika kulipia gharama ya kuiondoa risasi, na gharama hiyo humfuata mnunuzi hadi mwisho wa safari. Anayeuza bila gharama hiyo mara nyingi hakuiondoa.

Hatua ya kwanza: jua ni metali kiasi gani iliyomo katika unga unaonunua

Pigmenti ni unga wa rangi usioyeyuka, unaosagwa ndani ya mafuta, resini au maji ili kuipa rangi uwezo wa kufunika ukuta au kulinda chuma. Bei ya pigmenti za kundi hili huanzia kwenye metali, hivyo ni lazima kwanza ujue kila tani ya unga imebeba metali kiasi gani. Hesabu hii inatokana na uzani wa atomi, na haibadiliki hata muuzaji akisema nini. Oksidi ya zinki ina zinki asilimia 80.3. Fosfeti ya zinki, ambayo ni pigmenti ya kuzuia kutu, ina takriban asilimia 43 hadi 51 kutegemea maji yaliyofungamana nayo. Lithoponi, mchanganyiko wa salfaidi ya zinki na salfeti ya bariamu, huuzwa zaidi katika daraja lenye salfaidi ya asilimia 28 hadi 30, kwa hiyo zinki yenyewe ndani yake ni kama asilimia 20 tu. Kwa sababu hiyo bei ya lithoponi hufuata gharama za barite, yaani madini ya salfeti ya bariamu, na za nishati zaidi kuliko soko la zinki, na muuzaji anayekwambia imepanda "kwa sababu zinki imepanda" anakueleza sehemu ndogo tu ya ukweli.

Kwa upande wa risasi, risasi nyekundu iliyotumika miaka mingi kupaka vyuma vya madaraja na meli ina risasi asilimia 90.7, litaji, oksidi nyingine ya risasi, ina asilimia 92.8, risasi nyeupe ya zamani ina takriban asilimia 80, na kromati ya risasi, ambayo ndiyo njano kali ya alama za barabarani na mitambo, ina asilimia 64. Ninazitaja ili uzitambue pindi zinapojitokeza katika orodha ya bei. Litaji na oksidi nyingine za risasi bado zina biashara halali katika viwanda vya betri na vioo, lakini katika kopo la rangi ya nyumba hazina nafasi, na sababu yake tutaifikia.

Hatua ya pili: soma bei ya metali mahali inapotangazwa

Bei ya rejea duniani ni ya Soko la Metali la London, LME, lililoanzishwa mwaka 1877. Bei hutangazwa kwa dola za Marekani kwa tani kila siku ya kazi, na mkataba mmoja wa zinki au wa risasi ni tani 25. Zinki inayokubalika kwenye mkataba huo ni ile ya daraja la juu kabisa, yenye usafi wa asilimia 99.995, ambayo risasi yake haitakiwi kuzidi asilimia 0.003. Kumbuka kiwango hicho kidogo, maana ndicho kitakachotenganisha oksidi safi na isiyo safi huko mbele.

Utakuta bei mbili, ya mali ya papo kwa papo na ya miezi mitatu ijayo. Kwa kawaida ya mbele huwa juu kidogo, kwa kuwa imebeba gharama za kuhifadhi na riba. Ya papo kwa papo inapoipita ya mbele, ujue metali iliyopo ghalani imepungua na wenye haraka wanalipa zaidi, na majuma kama hayo si wakati mzuri wa kufunga bei ya kontena zima iwapo unaweza kusubiri.

Wauzaji wa China mara nyingi hurejea Soko la Shanghai. Hapa wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu bei ya Shanghai ni ya yuani na ndani yake imo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13. Kabla ya kuilinganisha na ya London, igawanye kwanza kwa 1.13, kisha ibadilishe kuwa dola kwa kiwango cha siku hiyo. Nimemwona mnunuzi akibishana na muuzaji kwa saa nzima kuhusu tofauti ya bei ambayo yote ilikuwa ni kodi hiyo.

Soko hili huyumba kwa nguvu. Mwishoni mwa mwaka 2006 zinki ilipita dola 4,500 kwa tani, na miaka miwili baadaye ilikuwa karibu na 1,100. Mwezi Machi 2022, siku chache baada ya vita vya Ukraine kuanza, ilipita 4,800 kwa muda mfupi, na viwanda vya kuyeyusha zinki barani Ulaya vikasimamisha kazi kwa sababu ya bei ya umeme, kikiwemo cha Budel nchini Uholanzi. Ilipofika Mei 2023 ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Aliyenunua kontena Machi 2022 na kulipokea Juni alijikuta na mali ghali mkononi huku jirani yake akiagiza kwa bei ya chini.

Yupo msomaji wa Lubumbashi atakayeuliza kuhusu Kipushi, mgodi wenye zinki nyingi mno ulioko umbali mfupi kutoka mjini kwake, uliorudi kuzalisha mwaka 2024 baada ya kusimama tangu 1993. Swali lake ni la haki, lakini kinachotoka Kipushi ni makinikia, yaani mchanga wa madini uliochujwa, nayo husafirishwa nje kwenda kuyeyushwa. Hadi yageuke metali, na metali igeuke oksidi, yatakuwa yamevuka bahari, na mtengenezaji wa rangi wa Katanga atalipa nauli ya kuirudisha zinki ya nyumbani kwake. Ada ambayo viwanda hutoza kuyeyusha makinikia ya zinki, iliyokubaliwa kwa mwaka mzima, ilikuwa dola 274 kwa tani mwaka 2023, ikashuka hadi 165 mwaka 2024 na 80 mwaka 2025. Ushukaji huo unaonyesha kwamba viwanda vilikuwa vingi na makinikia yalikuwa machache. Kiwanda kinachobanwa hivyo hujaribu kurudisha hasara yake kwenye nyongeza ya metali, yaani kiasi anacholipwa muuzaji wa metali juu ya bei ya London, na nyongeza hiyo ndiyo sehemu ya pili ya hesabu yako.

Hatua ya tatu: jenga bei mwenyewe kabla ya kusoma proforma

Njia iliyo bora kwa oksidi ya rangi na mpira ni ile inayoitwa ya Kifaransa, ambapo zinki iliyosafishwa huchemshwa hadi igeuke mvuke, kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, kisha mvuke huo ukakutana na hewa na kuwaka kuwa unga mweupe. Jina hilo linamkumbuka Leclaire, mpakaji rangi wa Paris aliyeifanya zinki nyeupe kuwa bidhaa ya biashara katika miaka ya 1840 baada ya kuona mafundi wake wakiugua kwa risasi nyeupe. Kwa nadharia tani moja ya oksidi inahitaji kilo 803 za zinki. Ongeza upotevu mdogo wa tanuruni, na uweke 0.82 katika hesabu yako.

Tuchukue mfano wenye namba za kufikirika, ambazo utazibadilisha kwa za siku yako. Zinki ni dola 2,800 London. Zidisha kwa 0.82, unapata 2,296. Nyongeza ambayo kiwanda cha oksidi humlipa muuzaji wa metali tuiweke 150, nayo ukiizidisha kwa 0.82 ni 123, jumla 2,419. Gharama ya kugeuza metali kuwa oksidi, pamoja na mifuko, nishati na faida ya kiwanda, tuiweke 350, tumefika 2,769 langoni mwa kiwanda. Ongeza dola 40 za kufikisha melini, iwe 2,809. Nauli ya kontena kutoka Mundra au Nhava Sheva nchini India hadi Dar es Salaam tuseme ni 1,800, na kontena lina tani 20, kwa hiyo 90 kwa tani. Bima tuseme 11. Bei ya CIF, yaani mali pamoja na bima na nauli hadi bandari ya kufikia, ni 2,910.

Hapo bado hujafika ghalani. Gharama za bandari, wakala wa forodha na lori, tukizikadiria kwa dola 2,000 kwa kontena, ni 100 zaidi kwa tani, na ushuru wa forodha unategemea namba ya bidhaa nitakayoieleza baadaye. Ukikopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na fedha zikakaa siku 90 tangu kulipa hadi kuuza rangi, riba inakula dola 134 kwa kila tani. Riba hii ndiyo gharama ninayoiona ikisahauliwa kuliko zote, nayo ni kubwa kuliko nauli ya bahari. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 Tanzania na Uganda na asilimia 16 Kenya, utaidai kama umesajiliwa, lakini lazima uitoe kwanza: kwa Tanzania, katika mfano wetu, ni zaidi ya dola 10,000 kwa kontena moja.

Kutokana na hesabu hiyo unapata kanuni fupi ya kutembea nayo. Kila zinki inapopanda au kushuka dola 100, oksidi inapaswa kupanda au kushuka dola 82. Muuzaji anayepandisha 150 zinki ilipopanda 100 ameongeza faida yake, na asiyeshusha chochote zinki iliposhuka 300 amebaki na dola 246 zako kwa kila tani. Mwambie hivyo kwa adabu, ukiwa na karatasi mkononi. Wauzaji wazoefu huheshimu mnunuzi anayejua kanuni hii, na mara nyingi proforma ya pili huja imerekebishwa.

Hatua ya nne: chunguza kwa nini iliyo nafuu ni nafuu

Sasa rudi kwenye zile proforma tatu. Moja ni 2,940, nyingine ni 3,150, na ya tatu ni 2,300. Ya kwanza iko karibu na hesabu yako. Ya pili ni ya dalali aliyejiongezea, au ni ya daraja la dawa na vipodozi usilolihitaji. Ya tatu iko chini ya thamani ya metali iliyomo na nyongeza yake, na hakuna kiwanda kinachonunua zinki safi kikauza oksidi chini ya bei ya zinki yenyewe. Kwa hiyo imetengenezwa kwa kitu kingine.

Kitu hicho kwa kawaida ni mabaki. Viwanda vya mabati huchovya karatasi za chuma katika zinki iliyoyeyuka, na kila siku hukusanya majivu ya juu ya beseni na masimbi yanayotuama chini. Beseni nyingi zimezoea kutumia zinki yenye risasi ya kama asilimia moja, iliyowekwa kwa makusudi ili zinki itiririke vizuri. Mabaki hayo hununuliwa kwa bei ndogo, yakachomwa kuwa oksidi, na sehemu ya risasi ikapanda pamoja na mvuke. Ipo pia njia ya Kimarekani, ambayo hutumia madini au mabaki moja kwa moja pamoja na makaa, nayo hutoa unga mzuri kwa vigae na mbolea lakini wenye uchafu zaidi. Bidhaa hizi si za udanganyifu zenyewe. Zinakuwa udanganyifu zinapouzwa kwa mtengenezaji wa rangi bila kutaja asili yake.

Maneno "asilimia 99.5" hayakulindi hata kidogo, na hapa ningependa msomaji asimame nami tufanye hesabu taratibu. Viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni, na kipimo huangalia rangi iliyokauka. Chukua rangi ya mafuta yenye oksidi ya zinki asilimia 5 ikiwa bado majimaji, na yabisi asilimia 60. Ikikauka, oksidi inakuwa sehemu 5 kati ya 60, yaani asilimia 8.3. Kama nusu asilimia iliyobaki katika hiyo "99.5" yote ni risasi, unga una sehemu 5,000 kwa milioni, na rangi yako iliyokauka itakuwa na sehemu 417, zaidi ya mara nne ya kikomo. Risasi ikiwa asilimia 0.1 tu, rangi itakuwa na sehemu 83, na utakuwa umebakiwa na sehemu 7 kwa ajili ya vikaushio, chokaa na pigmenti nyingine zote. Lakini oksidi iliyotengenezwa kwa zinki ya daraja la LME haiongezi zaidi ya sehemu 2.

Kwa hiyo usiandike kwenye oda "usafi 99.5" peke yake. Andika "risasi isizidi sehemu 300 kwa milioni, kadmiamu itajwe kwa namba, njia ya Kifaransa, kutokana na zinki ya daraja la juu". Majina ya madaraja yanayoitwa mihuri, mweupe, kijani, mwekundu na dhahabu, ni mazoea ya biashara ambayo kila kiwanda huyatumia kwa namna yake. Dai namba.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa fedha. Miaka ya nyuma nilishauri kiwanda kidogo kuchukua kontena la bei nafuu, cheti kikiwa safi, na kopo la kwanza lililopelekwa maabara lilirudi na risasi mara tatu ya kikomo. Rangi ile ilikuwa ya milango na madirisha, sehemu ambazo watoto hushika kisha wakapeleka vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na ninapokumbuka kwamba makopo yale yalikuwa tayari kwenye lori, huwa sioni tena punguzo la dola mia tano kuwa ni punguzo.

Hatua ya tano: funga bei na malipo

Kontena la tani 20 lina zinki kama tani 16, chini ya mkataba mmoja wa LME, hivyo mnunuzi mdogo hawezi kujikinga vizuri sokoni yeye mwenyewe. Anachoweza ni kukubaliana na muuzaji jinsi bei itakavyopatikana. Njia ninayoipendekeza ni kuandika kanuni badala ya namba: wastani wa bei ya papo kwa papo ya LME wa mwezi uliotangulia kupakia meli, mara 0.82, kujumlisha kiasi maalumu kisichobadilika mwaka mzima. Mnajadiliana mara moja kuhusu kiasi hicho, kisha kila mwezi kalamu inatosha. Ukihitaji namba kamili kwa sababu umekwisha kumpa mkandarasi bei ya rangi, funga bei ya oksidi siku hiyohiyo unayofunga ya rangi, wala usisubiri wiki moja ukitumaini itashuka.

Kwa muuzaji mpya, tumia barua ya dhamana ya malipo ya benki, ile ambayo wafanyabiashara huiita LC, na miongoni mwa nyaraka zinazodaiwa weka cheti cha uchambuzi kinachotaja risasi kwa namba, kilichotolewa na mkaguzi wa kujitegemea bandarini kabla ya kupakia. Ada ya mkaguzi ni ndogo ukiigawanya kwa tani 20. Malipo ya awali ya asilimia 30 na salio kwa nakala ya hati ya shehena yanafaa kwa yule mliyekwisha kufanya naye kazi.

Hatua ya sita: namba za forodha na vibali

Oksidi ya zinki iko chini ya namba 2817, lithoponi ni 3206.42, fosfeti ya zinki ni 2835.29 na vumbi la zinki ni 7903.10. Oksidi za risasi, zikiwemo litaji na risasi nyekundu, ni 2824, na pigmenti za kromati ziko 3206.20. Hakikisha ankara, hati ya shehena na tamko la forodha vina namba moja, kwa sababu oksidi iliyoandikwa kwa jumla kuwa "pigmenti" chini ya 3206 inaweza kutozwa tofauti na kukwama. Mwombe wakala akuonyeshe kiwango cha ushuru wa pamoja cha mwaka husika kabla ya kuagiza.

Tanzania, kemikali za viwandani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, hivyo unahitaji usajili na kibali cha kuingiza. Shirika la viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, huweza kudai ukaguzi wa mali ikiwa bado nchi ya asili. Oksidi ya zinki husafirishwa kama bidhaa hatari kwa mazingira, namba UN 3077, daraja la 9, kwa sababu ni sumu kwa viumbe wa majini, na muuzaji asiyejua hilo hajazoea kuuza nje.

Hatua ya saba: pokea, pima, tunza sampuli

Usichukue sampuli kutoka mfuko wa mlangoni pekee. Toboa mifuko kumi iliyotawanyika, mbele, katikati na nyuma, changanya, kisha gawa mara tatu: moja ya maabara, moja ya kwako, moja ya kufungwa mbele ya mwakilishi wa muuzaji.

Wakati unasubiri maabara, majaribio mawili ya mezani yatakuambia mengi. Pasha moto kijiko cha unga kwenye chombo cha kaure: oksidi ya zinki hugeuka njano ikiwa moto na kurudi nyeupe inapopoa. Kisha, ukiwa umevaa glavu na miwani, weka kidogo ndani ya asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Oksidi nzuri huyeyuka yote. Ikitoa povu jingi, imechanganywa na chokaa, ingawa oksidi inayotengenezwa kwa njia ya majimaji huweza kutoa povu kidogo kwa asili yake. Ikibaki unga mweupe chini, tafuta barite. Majaribio haya hayakuonyeshi risasi. Kwa risasi lazima kipimo cha maabara, na kama unapokea makontena mengi, ulizia maabara yenye kifaa cha eksirei cha kupima metali, ambacho hutoa jibu kwa dakika chache.

Jambo moja kuhusu matumizi, kwa kuwa linagusa mfuko moja kwa moja. Kama lengo lako ni weupe wa kufunika ukuta, oksidi ya zinki si ya kununuliwa kwa kazi hiyo, maana titani nyeupe hupinda mwanga kwa nguvu zaidi na hufunika eneo kubwa kwa kilo chache. Zinki iwekwe kwa ajili ya kuzuia ukungu, kuzuia jua lisiichakaze rangi, na kuufanya utando kuwa mgumu.

Kwa wale ambao bado wana pigmenti za risasi

Dunia imechukua muda mrefu kuachana nazo. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo ulipitishwa mwaka 1921, Marekani ikapiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978, na India ikaweka kikomo cha sehemu 90 kwa kanuni za mwaka 2016. Nchi zinapofunga milango hivyo, mali isiyouzika huko hutafuta bandari nyingine, na bei yake hushuka. Ofa ya kromati ya risasi kwa bei ya kuvutia ni matokeo ya hali hiyo.

Kwa rangi ya awali ya chuma, badilisha risasi nyekundu kwa fosfeti ya zinki pamoja na oksidi ya chuma. Usikubali kuuziwa kromati ya zinki kama mbadala, kwa sababu ina kromiamu inayosababisha saratani. Kwa njano, tumia pigmenti ya kikaboni isiyo na metali nzito, inayoitwa Pigment Yellow 74 au 83, ukiongeza titani nyeupe ili ifunike. Kwa kilo ni ghali zaidi kuliko kromati, lakini nguvu yake ya kutia rangi ni kubwa. Linganisha kwa mita ya mraba: tengeneza rangi mbili, zipake kwa unene sawa juu ya kadi yenye nusu nyeusi na nusu nyeupe, hesabu ni gramu ngapi za kila moja zilizohitajika hadi mstari usionekane, kisha zidisha kwa bei. Tofauti itakuwepo, ila itakuwa ndogo kuliko orodha ya bei inavyoonyesha.

Mifuko ya risasi nyekundu au kromati iliyobaki stoo isimalizwe kwa kuichanganya kidogo kidogo katika rangi, wala isimwagwe au kuuzwa kwa wayeyushaji wa mitaani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa katikati ya makazi yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Funga mifuko hiyo ndani ya mapipa ya chuma yenye vifuniko, andika juu yake jina, uzito na tarehe, iweke mahali pakavu pasipofikiwa na watoto wala mifugo, kisha wasiliana na mamlaka ya mazingira, NEMC Tanzania au NEMA kwa Kenya na Uganda, upate orodha ya wenye leseni ya kushughulikia taka hatari. Gharama ya kuiondoa iingize katika hesabu za mwaka huu, na stakabadhi ya aliyeichukua itunze pamoja na vyeti vya maabara vya oksidi mpya.